Shukrani Isiyo Yake

Mpelelezi alifika nyumbani kwa yule mshonaji mstaafu siku ya Alhamisi, saa sita na robo mchana, na kabla hajaonyeshwa kiti alikuwa ameshauliza saa mara mbili. Kituoni wenzake walimwita Bi Saa Ngapi akiwapa kisogo, na yeye alijua na wala haikumkosesha usingizi. Mtu anaweza kudanganya alisema nini, alivaa nini, alikuwa na nani. Saa humshinda, kwa sababu saa huwa ina shahidi mwingine mahali fulani.

Fomu ya malalamiko ilikuwa fupi. Mlalamikaji ni mtoto wa mwisho wa nyumba, mwanamume wa miaka arobaini na miwili, ambaye kwao wote walimzoea kwa jina la Kitinda. Mtuhumiwa ni dada yake mkubwa, anayeishi na mama. Mama mwenyewe, miaka sabini na tisa, Alhamisi iliyopita alikwenda benki kwa teksi, peke yake, akatoa theluthi ya akiba yake taslimu, akaitia kwenye mfuko wa vitambaa, akatoka. Hela hazikuonekana tena. Zilikuwa hela za vyerehani vitatu na chumba cha duka, alivyoviuza macho yalipoanza kumgomea, na hakuwa na nyingine za kumlea uzeeni.

Jana karani wa benki alimwona tena dirishani, safari hii akiulizia utaratibu wa kutoa zote zilizobaki. Karani alikuwa binti mwenye akili zake. Alimwambia mama arudi leo, kisha akafungua faili, akatafuta jina la ndugu wa karibu, akampigia Kitinda. Na Kitinda, badala ya kumpigia dada yake kumwuliza kulikoni, alipanda basi la asubuhi na kushukia kituo cha polisi.

Benki ilikuwa inafungwa saa kumi. Hakuna sheria inayomzuia mtu mzima mwenye akili timamu kuchukua kilicho chake, na karani alikuwa ameshasema waziwazi kwamba mama akija na kitambulisho atampa. Mpelelezi alikuwa na saa tatu na dakika arobaini na tano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye polisi? Mbona mfupi hivi?"

"Warefu wako likizo, mama."

Mama alicheka, kicheko cha mtu aliyeshona nguo za nusu ya mji na kusikia siri za nusu nyingine. Alikuwa ameketi sebuleni kwenye kiti chenye mikono, mkoba miguuni, kitambulisho tayari mkononi. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea.

"Mama, hela ulizotoa wiki iliyopita ulimpa nani?"

"Nilizipeleka zinakohitajika."

"Ni wapi huko?"

"Sikiliza, mwanangu. Nimeshona miaka arobaini. Hakuna kidole changu ambacho sindano haikukitoboa. Hela zangu nikitaka kuzitupa shimoni nazitupa, na nitavaa gauni zuri siku hiyo."

Aliposema hivyo alimtazama Kitinda, aliyesimama dirishani mikono mfukoni, akamkonyeza. Mpelelezi aliona. Aliona pia kwamba Kitinda aligeuka kuangalia nyuma yake, kana kwamba aliyekonyezwa alikuwa mtu mwingine. Nyuma yake palikuwa na pazia tu.

Mpelelezi aliandika hilo kwenye daftari, akaandika na saa.

* * *

Dada mkubwa alikuwa jikoni anasugua sufuria ambayo ilikuwa imetakata tangu zamani.

"Kaa, afande. Au nisimame mimi, maana mimi ndiye mwizi."

"Hakuna aliyekuita mwizi."

"Kaka yangu ameniita. Kwa maandishi. Ana mwandiko mzuri?"

"Alhamisi iliyopita, saa tisa kasoro kumi, mama alipokuwa benki, ulikuwa wapi?"

"Kliniki. Dawa za presha za mama hutolewa Alhamisi. Natoka hapa saa saba, narudi saa tisa, siku mbaya saa tisa na nusu."

"Kuna anayejua?"

Dada alifuta mikono, akafungua kopo la chai juu ya kabati, akatoa kitabu cha kliniki. Ndani yake, kwenye kila ukurasa, alikuwa amebana kikaratasi cha foleni. Cha Alhamisi iliyopita kilikuwa na namba na saa alipohudumiwa, na muhuri wa dirisha la dawa. Saa tisa na dakika tatu. Kliniki ilikuwa upande wa pili wa mji. Mashtaka ya Kitinda yalikwenda na maji palepale, ila mpelelezi hakufunga daftari. Mtu aliyetunza vikaratasi vyote hivyo ni mtu anayengoja siku ya kuulizwa.

"Kwa nini unavitunza?"

"Ili siku mtu akisema sifanyi kitu, nimwonyeshe."

"Kuna aliyesema?"

Dada alicheka bila furaha, akarudi kwenye sufuria.

"Hapa kwetu tuna mtindo wetu, afande. Siku ya mwisho ya likizo ya mwisho wa mwaka, wote tukiwa mezani, tukishakula, mama anasimama na kumshukuru kila mtu kwa jambo moja alilomfanyia mwaka ule. Anayeshukuriwa hajibu. Anainamisha kichwa, basi. Sheria aliiweka marehemu baba, maana zamani tulikuwa tukijibu: mimi nilifanya zaidi, mwongo, mimi ndiye. Mpaka sahani zinavunjika."

"Na mwaka huu?"

"Wiki tatu zilizopita. Nilishukuriwa kwa pazia."

"Pazia?"

"Lile la sebuleni. Nililibadilisha mwezi wa kumi." Aligonga sufuria kwenye sinki. "Namwogesha. Namkata kucha. Namsomea barua. Mwaka mzima sijatoka kwenda hata harusini, na mama amesimama mbele ya watu kumi na mmoja kunishukuru kwa pazia. Halafu akamgeukia yeye. Anayekuja mara mbili kwa mwaka na sabuni za kunukia. Akasema, na wewe mwanangu nakushukuru kwa simu zako, kila Alhamisi hukosi. Machozi yakamtoka. Watu wakapiga makofi. Hata wanangu mimi walipiga makofi!"

"Yeye alifanya nini?"

"Aliinamisha kichwa. Tena alikiinamisha vizuri, polepole. Nilitamani kumwagia mchuzi."

Alisema kwa wivu mtupu, bila kuuficha, na mpelelezi hakumlaumu. Mwezi uliopita cheo alichokingoja miaka sita kilikwenda kwa mwenzake wa meza ya pili, mtu asiyejua kubana ripoti na pini, na tangu siku hiyo chai ya ofisini ilikuwa haipiti kooni sawasawa. Uso ule wa dada aliujua. Alikuwa akiuona kwenye kioo cha choo cha kituoni.

* * *

Kitinda alihojiwa barazani. Alikuwa na mikono mizito ya mtu wa kazi, na alikuwa akichezea funguo zake bila kukoma.

"Dada yako hakuhusika," mpelelezi alisema.

"Mmeshamaliza? Haraka hivyo?"

"Alikuwa kliniki. Ulikuwa na uhakika kwamba ni yeye, au ulitumaini tu?"

Kitinda alizungusha funguo kidoleni.

"Unafanya kazi wapi?"

"Kiwanda cha kujaza gesi. Mimi ni msimamizi wa zamu ya mchana."

"Saa ngapi mpaka saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, saa kumi na mbili jioni. Jumatatu mpaka Jumamosi. Leo nimeomba ruhusa."

"Mama anasema wewe humpigia kila Alhamisi."

Funguo zilitulia. "Ndiyo. Huwa."

"Saa ngapi?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Kazi."

"Alhamisi iliyopita mliongea nini?"

"Mambo ya kawaida. Habari za nyumbani. Afya."

"Alikwambia anakwenda benki?"

"Hapana!" Hilo lilimtoka kwa nguvu, na mpelelezi akaona kwamba ni la kweli.

Kwenye kishada cha funguo kulikuwa na kijisahani cha shaba chenye namba ishirini na saba. Mpelelezi alikigusa kwa ncha ya kalamu.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kabati la getini. Hatuingii na kitu cha kuwasha moto. Unaacha kiberiti, sigara..."

"Na nini tena?"

"Afande, ni mambo ya usalama tu."

"Na nini tena, kaka?"

"Na simu," Kitinda alisema.

Mpelelezi alimwita koplo wake, mzee mnene aliyebakiza miezi minne kustaafu, aliyekuwa kwenye gari anamalizia ndizi. Koplo alipiga simu kwenye geti la kiwanda. Mlinzi wa huko alikuwa mtu wa kitabu: alifungua daftari la kabati akasoma mstari kwa mstari. Namba ishirini na saba, Alhamisi iliyopita, simu imeingia saa mbili kasoro kumi asubuhi, imetoka saa kumi na mbili na dakika tano jioni. Alhamisi ya kabla yake, hivyohivyo. Na ya kabla ya hiyo. Simu ya ofisini haitoki nje ya kiwanda, inazungukia humohumo.

"Saa saba na dakika ishirini," alisema mpelelezi, ingawa hakuna aliyemwuliza.

* * *

Mama hakukataa kutoa simu yake. "Tazama, mimi sina siri," alisema, na mara hii alimkonyeza mwanawe kwa jicho lote.

Ilikuwa simu ndogo ya vitufe, herufi zake zimefutika. Mpelelezi alirudi nyuma Alhamisi moja baada ya nyingine. Wiki tisa. Kila wiki simu moja iliyoingia, saa nane na dakika kumi, wakati dada yuko foleni na Kitinda yuko kwenye mitungi. Namba ilikuwa ileile, na jina lilikuwa limeandikwa vizuri: *Kitinda Kazini*.

"Nani aliandika jina hili?"

"Mimi," dada alisema kutoka mlangoni. "Mama aliniambia kaka amepata namba ya kazini, nimwandikie."

"Ulimwuliza kaka yako kama ni yake?"

"Sisi hatupigiani simu."

"Tangu lini?"

"Tangu mama alipomwandika yeye benki kuwa ndugu wa karibu. Mimi niko naye chumba cha pili. Yeye ndiye wa karibu."

Basi picha ikawa imekamilika, na haikuwa nzuri. Mpelelezi alifunga daftari. Kesi za aina hii alishazifanya nyingi. Mtu asiyejulikana hupiga namba za wazee, moja baada ya nyingine, na kusema neno moja tu: mama, ni mimi. Mama mwenyewe ndiye anayemtafutia jina. Baada ya hapo mwizi hana haraka. Anasalimia, anasikiliza, anaokota. Lakini kwa kawaida hufika mahali akakamatwa na jambo dogo, mtoto wa kweli akapita na kusema, simu gani hiyo, mama? Humu ndani nafasi hiyo ilikuwepo, mbele ya watu kumi na mmoja, mezani.

Aliwaketisha wote sebuleni. Koplo alisimama karibu na mlango. Ilikuwa saa saba na dakika thelathini na tano.

"Mama, aliyekuomba hela ni nani?"

Mama alifunga mdomo na kutazama dari.

"Alikukataza kusema?"

Mama aliusogeza mkoba kwa mguu, macho yako darini.

"Alikwambia kwamba hata ukimwona ana kwa ana, usilitaje? Kwamba dada yake akisikia atafurahi?"

Macho ya mama yalishuka kutoka darini. Alimtazama Kitinda, kisha mpelelezi, kisha tena Kitinda, kwa huruma kubwa. "Nilikuwa nimeapa, mwanangu," akamwambia Kitinda. "Lakini huyu mfupi anajua yote. Mwambie basi kwamba ulipoteza hela za kiwanda kwa bahati mbaya, si kwa kuiba. Na leo namalizia."

Kitinda aliinuka nusu, akakaa tena.

"Kaka," mpelelezi alisema. "Mwambie mama umempigia simu mara ngapi."

"Tuzungumze nje, afande."

"Nje hakuna mama."

"Basi yeye atoke." Alimwashiria dada yake kwa kidevu.

"Sitoki," dada alisema. Alikuwa amekunja mikono, na macho yake yalikuwa yanameremeta. Alikuwa ameshaelewa. Mtu mwenye wivu huhesabu haraka kuliko polisi.

"Dakika zinakwenda," mpelelezi alisema. "Benki itafungwa saa kumi, na mama amevaa viatu. Siwezi kumvua. Wewe unaweza."

Kitinda alijifuta uso kwa kiganja. Aliangalia pazia, akaangalia sakafu. Kisha akapiga moyo konde.

"Mama, mimi sijakupigia. Hata Alhamisi moja."

Mama alicheka kidogo, akainamia upande wake na kumpigapiga goti. "Basi, basi, nimeelewa," akanong'ona, na akamkonyeza.

"Mama, usinikonyeze! Siigizi. Si mimi. Sijapoteza hela za mtu. Simu yangu hukaa kabatini mpaka jioni, na jioni nikitoka sikupigii, nakwenda nyumbani, nakula, nalala."

Mkono wa mama ulibaki gotini kwake, haupigi tena.

"Kama si wewe," mama alisema taratibu, "nilipokushukuru mezani mbona uliinamisha kichwa?"

Hapo ndipo mpelelezi alipokuwa akingoja wafike, na hata yeye aliona haya kuwepo.

"Sheria inasema tusijibu," Kitinda alisema.

"Sheria ni ya kuzuia ugomvi. Haijamfunga mtu mdomo asiseme umekosea. Nakuuliza mimi mama yako."

"Nilidhani mke wangu ndiye anayepiga kwa niaba yangu."

"Ulimwuliza?" Huyo alikuwa mpelelezi.

"Sikumwuliza. Ningemwuliza, ningejua."

Dada alivuta pumzi ya kusema kitu. Mpelelezi alimwinulia kidole kimoja, naye akaimeza.

"Miaka yote, mama," Kitinda alisema, na sauti yake ilikuwa imekuwa ya mtoto, jambo baya kulisikia kwa mwanamume mwenye mikono ile. "Nikija hapa ni dada hivi, dada vile. Dada amenikanda, dada amenipikia, bila dada ningekuwa wapi. Nakaa palepale na sabuni zangu kama mgeni. Mwaka huu nikasikia unanishukuru mimi, na unalia. Watu wakapiga makofi. Nilimwona dada uso wake. Ilikuwa tamu, mama. Nikasema, wacha iwe yangu, nitaanza kupiga kweli wiki ijayo. Sikuanza."

"Na mimi huniambii hayo," dada alisema kwa mshangao, akimgeukia mama. "Mimi unaniambia asante kwa pazia. Sifa zangu unampa yeye, zake unanipa mimi!"

"Nilitaka mpendane," mama alisema.

Mama alichukua kitambulisho chake, akakitazama karibu na pua, akakirudisha kwenye mkoba. Halafu akainama, polepole, akaanza kulegeza kamba za viatu. Mpelelezi alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu saa sita.

* * *

"Bado kazi moja," mpelelezi alisema. "Wiki iliyopita hela alizipokea nani?"

"Kijana wa kazini kwake. Kwake huyo... mwingine. Nje ya duka la dawa. Alisema benki wana maswali mengi, bora mkononi. Leo mahali ataniambia akipiga."

"Atapiga saa nane na kumi?"

"Hajakosa," mama alisema, na aliposikia maneno yake mwenyewe aliuma mdomo.

Walipanga kwa haraka. Mama ataongea kama kawaida, sauti ikiwa imefunguliwa ili wote wasikie. Asiulize mengi. Wapi, saa ngapi, na huyo wa kupokea anafananaje. Basi.

"Niongee na mwizi?"

"Umeongea naye wiki tisa, mama. Hii ya kumi ni ya kwetu."

Simu iliita saa nane na dakika kumi. *Kitinda Kazini.* Kitinda mwenyewe alikuwa ameketi hatua mbili kutoka hapo, ameshika ukingo wa kiti.

"Mama yangu, shikamoo."

Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mwanamume mwenye mafua kidogo. Haikufanana na ya Kitinda, na wala haikujaribu.

"Marahaba, mwanangu."

"Goti limeamkaje?"

"Linasumbua upande wa ndani."

"Ulilikanda na maji ya moto kama tulivyosema? Usinidanganye."

"Nilikanda mara moja."

"Mara moja haitoshi, mama. Jana jioni ulikula nini?"

"Kidogo tu. Sikuwa na hamu."

"Ndiyo maana unaishiwa nguvu. Na ile foronya? Uliupata uzi wa bluu?"

Mama alitazama pembeni. "Niliupata. Ulikuwa umeangukia kwenye kiatu."

"Nilikwambia! Umefika wapi?"

"Nimebakiza upande mmoja. Naushona kwa kupapasa."

Dada, aliyefua kila kitambaa cha nyumba ile, aligeuza kichwa kuelekea chumba cha mama. Foronya gani? Mpelelezi alilisoma swali usoni kwake kama limeandikwa. Kitinda alikuwa akitazama goti la mama, chini ya gauni, kana kwamba limeota leo.

"Dada yupo?" sauti iliuliza.

"Amekwenda kliniki."

"Afadhali. Unajua alivyo na kijicho. Basi mama, leo tumalize, nilale usingizi. Uende saa tisa, wakikuuliza sema ni za matibabu. Saa tisa na nusu utoke mlango wa nyuma wa benki. Kuna kijana mwenye kofia ya kijani na begi la mgongoni. Utampa, usimwambie chochote."

"Mlango wa nyuma, saa tisa na nusu. Kofia ya kijani."

"Akili yako nzuri kuliko ya kwangu. Vaa kitu cha joto, kuna upepo."

"Haya. Asante kwa kupiga, mwanangu," mama alisema. Lilimtoka kwa mazoea, kabla hajaweza kulizuia, na simu ikakatika.

Koplo alikuwa ameshatoka. Walisikia mlango wa gari, kisha redio ya polisi, kisha gari likaondoka bila king'ora. Alikuwa na saa nzima na dakika za ziada kuuzunguka mlango wa nyuma wa benki, na kwa uzito wake wote hakuwahi kumkosa mtu. Akimpata mwenye kofia ya kijani, wa simu atapatikana kabla ya jioni, na pengine sehemu ya zile za vyerehani.

Sebuleni simu ilikuwa juu ya meza, kioo chake kimezimika.

"Goti lako linauma tangu lini, mama?" Kitinda aliuliza.

"Miaka mitatu."

Dada alitaka kusema kwamba yeye alijua, mpelelezi aliona neno likifika hadi midomoni. Halikutoka. Badala yake aliuliza, "Foronya ni ya nani?"

"Sikuwa nimeamua," mama alisema. "Nilikuwa nashona tu, kwa vile kulikuwa na mtu wa kuniuliza nimefika wapi."

Mpelelezi aliikunja fomu ya malalamiko mara mbili na kuitia mfukoni. Alikuwa ameshafika mlangoni mama alipomwita.

"Mwanangu. Mkimkamata, msimpige."

"Amekuibia, mama."

"Najua alichoniibia kuliko wewe unavyojua." Aliweka kiganja juu ya simu, kama mtu anayefunika kikombe kisipoe. "Lakini msimpige. Wiki tisa ameniuliza nimekula nini, na alingoja nimjibu."

Mpelelezi hakuahidi. Aliwatazama wale wawili, msimamizi wa zamu na mtunza vikaratasi, waliokuwa wamekaza macho kwenye mkono wa mama na kile kilichokuwa chini yake. Uso ule aliujua, na safari hii aliuona mara mbili. Tangu wazaliwe walikuwa wakioneana wivu wao kwa wao. Leo, kwa mara ya kwanza, dada na kaka walikuwa wanamwonea wivu mtu mmoja.